Kava la gemu yako kwenye Steam: anza na lile dogo kuliko yote

Wadau wa gemu wa Arusha na Moshi, hii ni kwa yule ambaye gemu yake inakaribia kuisha, nguvu zote kaziweka kwenye kuandika programu na sauti, halafu kava, ile picha ya gemu inayoonekana dukani, anataka kulimaliza usiku mmoja kabla ya kufungua ukurasa kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta. Usifanye hivyo aisee. Mtu aliyeko Brazili au Polandi hakujui, trela yako hajaiona, anachokiona ni kipicha kimoja katikati ya vipicha vingine kibao na kidole chake kinaskroli, hicho kipicha ndo kinaamua anaingia au anapita. Nachora makava, na hapa nitatumia mfano wa gemu tunayotengeneza, inaitwa Mteremko, unaendesha kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kilichojaa ndizi kutoka Marangu unashuka nacho mpaka soko la Mbuyuni, Moshi, mzigo usimwagike njiani.

Hatua ya 1: Andika sentensi moja, mchezaji anafanya nini

Sentensi iwe na kitendo. "Gemu kuhusu maisha ya Kilimanjaro" haichoreki. "Kirikuu kimezidiwa mzigo kinashuka mlima kwa kasi" inachoreka, na mtu akiiona anajua hapa kuna kuendesha, kuna mzigo, kuna hatari. Kama ni gemu ya kufikiri, ya mafumbo, kava lioneshe utulivu na lile fumbo lenyewe, usimuweke jamaa kashika panga wakati ndani hamna vita, mtu akinunua akakuta sivyo atarudisha na ataandika maoni mabaya, na yuko sahihi.

Hapa niseme kitu kwa watu wa huku kwetu. Kila mtu anataka kuweka Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Naelewa, asubuhi mawingu yakiondoka pale Moshi kila mtu anageuka kuangalia. Ila ukiuweka mlima katikati ya kava, mtu wa nje anaona tangazo la kampuni ya kupandisha watalii, gemu haioni kabisa. Kwetu mlima tumeuacha nyuma, kamstari tu keupe juu, kirikuu ndo bosi.

Hatua ya 2: Nenda kwenye rafu

Fungua Steam, tafuta aina ya gemu yako, piga skrinishoti ya orodha nzima. Ibandike kwenye Krita au GIMP (programu za kuchora, zote za bure, hakuna haja ya kukreki kitu) na uache pengo la kipicha kimoja. Kava lako litakaa humo kuanzia rasimu ya kwanza mpaka mwisho, usilichore peke yake kwenye karatasi nyeupe, dukani hakuna karatasi nyeupe, kuna bluu nzito inayokaribia nyeusi pamoja na majirani wanaopiga kelele. Ukiona majirani wote ni giza na rangi ya chungwa, basi hapo pana nafasi ya kitu kingine.

Hatua ya 3: Chora dogo kwanza

Hii ndo roho ya mwongozo wote, tulia nayo. Steam wanataka picha za saizi kadhaa: ile ndogo pikseli 462 kwa 174, ya kichwa cha ukurasa 920 kwa 430, kubwa ya ukurasa wa mbele 1232 kwa 706, ya wima 748 kwa 896, na ya maktaba, yaani orodha ya gemu ambazo mchezaji anazo tayari, 600 kwa 900. Watu wengi wanaanza na kubwa kwa sababu ndo tamu kuchora, wanaweka majani, mawe, ndege angani, halafu wanaipunguza. Sasa kumbuka ile ndogo Steam wenyewe wanaipunguza tena kuwa 184 kwa 69 na 120 kwa 45. Pikseli 45 kwenda juu! Hapo ndege wako ni vumbi.

Kwa hiyo fungua turubai ya 462 kwa 174, na pembeni fungua dirisha la pili linaloonesha kazi hiyohiyo kwa saizi ya 120 kwa 45. Chora kwa rangi tatu tu, nyeusi, kijivu, nyeupe, chora nyingi harakaharaka bila kuzipenda. Jaza umbo lote kwa rangi nyeusi uone kama bado linasomeka: kirikuu kikichorwa kwa ubavu kinatambulika hapohapo, ile pua yake fupi, tairi ndogo, mikungu imepanda juu ya kabini. Kikichorwa kwa mbele kinakuwa boksi lenye taa mbili. Tukachagua ubavu, tukakiinamisha kiende chini, mkungu mmoja uko hewani umeshachomoka. Basi. Vitu viwili, gari na mkungu.

Hatua ya 4: Jina

Kwenye picha ndogo jina lijaze karibu kote, mchoro ubaki kidogo tu, watu hawaamini mpaka waone. Ni kama maandishi ya kifodi, daladala zetu za huku, unatakiwa uyasome gari likiwa bado mbali. Tumia herufi nene, na kama unatumia fonti ya kudaunilodi hakikisha leseni inaruhusu biashara, halafu usiiache ilivyo, irekebishe kwa mkono. Kwenye Mteremko herufi zinashuka kidogokidogo kutoka M hadi O. Hamna kivuli wala mng'ao wa plastiki, mstari mmoja mweusi mnene kuzunguka herufi unatosha. Jina likiwa refu, lipange mistari miwili, na maneno madogo kama "ya" na "na" yapunguze.

Hatua ya 5: Rangi

Mwanga na giza vikishakaa sawa ndo unaingiza rangi, sio kabla. Sisi tulikuwa tunavutwa na ndizi za njano maana njano inapiga macho. Nikamuonesha mama mmoja anayeuza ndizi pale Mbuyuni, nikamwambia shikamoo mama, hebu niangalizie hapa. Akaiangalia simu, akasema, "Marahaba. Sasa mwanangu, ndizi zimeiva hivi unazipakia za nini? Zitafika uji. Mzigo unashuka mbichi." Rangi ikawa kijani, na kijani kikikaa juu ya ule udongo mwekundu wa barabara ya mlimani kinaruka chenyewe, huhitaji kukilazimisha. Ukweli wa mahali mara nyingi unakupa rangi ambayo hakuna mwingine anayo kwenye rafu, uulize watu wanaokijua kitu.

Hatua ya 6: Panga upya kila saizi

Usikate picha moja ikatoe zote. Weka leya mbalimbali, yaani kila kitu kwenye tabaka lake: jina, kirikuu, mkungu, barabara, mlima. Ya wima inataka barabara ishuke kutoka juu kona hadi chini, ile pana inataka jina kushoto gari kulia. Picha pana ya maktaba, 3840 kwa 1240, haitakiwi maandishi wala nembo, na kitu cha muhimu kikae katikati ndani ya 860 kwa 380 maana pembeni hukatwa.

Tangu Septemba 2022 Steam hawaruhusu kwenye makava ya kawaida kitu kingine zaidi ya mchoro wa gemu, jina lake na jina dogo rasmi. Hakuna nyota, tuzo, nukuu za wasifiaji, wala "punguzo". Ukiwa na tangazo la apudeti kubwa kuna sehemu yake ya kuweka kava la muda.

Itch.io, duka lingine la mtandaoni la gemu, wao wanataka kava moja, 630 kwa 500 ndo nzuri, na GIF (picha inayocheza) inaruhusiwa. Google Play, duka la simu za Android, ni ikoni ya 512 kwa 512 na bango la 1024 kwa 500, kule ikoni ndo inafanya kazi kubwa, weka kitu kimoja tu bila jina.

Kama huchori mwenyewe

Mlipe mchoraji, tena umpe nusu kabla. Mpe ile sentensi ya hatua ya 1, skrinishoti ya rafu, orodha ya saizi zote, na mkubaliane kwa maandishi kwamba utapata faili lenye leya na haki ya kulitumia kibiashara. Ukimwambia tu "nichoree kitu kikali" atakuchorea anachokipenda yeye.

Kabla ya kupandisha, weka ile skrinishoti kwenye simu ya bei ndogo, toka nje juani, mpe mtu asiyecheza gemu aangalie kidogo tu kisha mnyang'anye umuulize gemu gani anaikumbuka na humo unafanya nini. Akisema "ile ya gari la ndizi" pandisha. Baada ya hapo ripoti ya trafiki ya Steam itakuonesha kava limeonekana mara ngapi na wangapi wamebofya, ukiona wengi wanaliona na wachache wanaingia, rudi hatua ya 3, sio ya 5.