Jinsi ya kuombea bajeti huduma ya afya ya akili kwa vijana katika kituo cha afya

Mwongozo huu ni wa waganga wafawidhi wa vituo vya serikali Tanzania Bara wanaotaka huduma hii ikae ndani ya mpango wa kituo, isiishie kwenye semina ya siku mbili.

Anza Oktoba. Mwaka wa fedha unafunguliwa Julai 1, lakini ukingoja ukomo wa bajeti (kiwango cha juu cha fedha mtakachopewa) utangazwe ndipo ukae chini, utanakili mpango wa mwaka jana na kubadilisha tarehe tu.

Takwimu kwanza. Fungua rejesta ya wagonjwa wa nje ya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), hesabu vijana wa miaka 12 hadi 24 wenye tatizo la akili kwa miezi sita iliyopita. Utapata wachache, kwa sababu sonona mara nyingi huandikwa "kuumwa kichwa" au "vidonda vya tumbo". Kwa hiyo fanya uchunguzi wa wiki nne kwa hojaji ya PHQ-9, inayopima dalili za sonona, pale CTC (kliniki ya wanaoishi na VVU), uzazi wa mpango na kliniki ya wajawazito, maana vijana wako huko tayari. Walio chini ya miaka 18 wapewe toleo lao, PHQ-A. Maswali ni 9, kila moja alama 0 hadi 3. Mwenye 10 na zaidi afanyiwe tathmini kamili. Swali la 9 linagusa mawazo ya kujidhuru: akijibu chochote zaidi ya 0 aonwe siku hiyohiyo, hata jumla yake ikiwa 4. Panga mapema nani atamwona, na katika chumba gani chenye mlango unaofungwa.

Geuza idadi kuwa saa. Hapa ndipo mipango mingi inapoanguka. Tuseme mnategemea vijana wapya 20 kwa mwezi, kila mmoja vikao 4 vya dakika 30. Hivyo ni vikao 80, yaani saa 40. Muuguzi mliyempa siku moja kwa wiki ana saa 32 tu, tena kabla ya chanjo kumwita. Ombeni siku mbili.

Andika shughuli inayopimika. "Kutoa elimu ya afya ya akili kwa vijana" itafyekwa, na kwa haki. Andika: "Kutoa ushauri nasaha kwa vijana 240 siku 2 kwa wiki ifikapo Juni." Kisha gharama: mafunzo na usimamizi elekezi, nakala za hojaji, nauli ya kufuatilia waliokatisha, dawa. Posho zikizidi nusu ya jumla, jiandae kuulizwa. Kwa dawa, usiweke amitriptilini kwa ajili ya vijana wadogo: haishauriwi kwa sonona yao, na ikimezwa nyingi inaua. Fluoksetini ni kwa miaka 12 na kuendelea, ushauri nasaha ukishindwa, na kwa kushauriana na bingwa.

Chanzo cha fedha. Fedha zinazoingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, pamoja na Mfuko wa Pamoja wa Afya, zibebe kazi ya kila wiki. Makusanyo ya ndani yabebe karatasi na nauli. Mdau akiahidi kitu, kiingizeni nacho kwenye mpango, lakini mshahara wa mtu mnayemtegemea usiwe juu yake.

Idhini. Kamati ya usimamizi wa kituo ijadili na kusaini muhtasari unaotaja shughuli hiyo kwa jina. Ndipo iingizwe PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti, na kupelekwa kwa timu ya afya ya halmashauri ijumuishwe kwenye mpango kabambe wa afya wa halmashauri. Mratibu wa afya ya akili wa halmashauri aone rasimu kabla ya kikao. Akiiona siku ya kikao hawezi kuitetea.

Msipange mafunzo Julai. Fedha za robo ya kwanza huchelewa. Oktoba ni salama zaidi. Na tangu siku ya kwanza andikeni utambuzi wenyewe kwenye rejesta, si "mengineyo", kwa sababu rejesta hiyohiyo ndiyo mtakayoifungua Oktoba ijayo.