Samaki hawafi ila hawazai? Anza na maji

Wakulima wa ngege (tilapia) wa Ruai, Njiru, Kasarani na kwingine hapa Nairobi, hii inatuhusu. Unapata bwawa samaki wanakula vizuri, hakuna hata mmoja ameelea, lakini miezi inapita na vifaranga hakuna, halafu lawama zote zinaenda kwa aliyeuza mbegu. Kama ulinunua madume pekee ni sawa, hao hawafai kuzaa. Na kama ni Julai, maji yakishuka chini ya nyuzi 20 ngege huacha kutaga. Ukishatoa hayo mawili na bado unavuta maji ya mtoni, hapo ndio uangalie sana.

Mito ya Nairobi na Ngong inabeba maji taka ya mitaa, na humo mna mabaki ya dawa, zikiwemo za kupanga uzazi, sabuni, plastiki na dawa za mashamba. Baadhi ya hizi kemikali mwili wa samaki unazichukulia kama homoni zake. Ini la dume linaanza kutengeneza protini ya kiini cha yai, kazi ya jike hiyo, na korodani zinaweza kuota mayai ndani, na kwa nje huoni kitu. Huko Kanada watafiti waliweka homoni ya vidonge vya uzazi ziwani, nanogramu 5 hadi 6 tu kwa lita (nanogramu ni gramu ikigawanywa mara bilioni moja), kuanzia 2001 hadi 2003, na aina moja ya samaki wadogo karibu iishe kabisa humo. Kiasi hicho hakina rangi wala harufu, kwa hivyo usiseme maji yametulia yakawa safi.

Tumia maji ya mvua ama ya kisima kilicho mbali na choo. Chimba mtaro upande wa juu wa bwawa, mvua isilete dawa kutoka kwa sukuma ya jirani, na tafadhali pampu ya kupulizia isioshewe karibu hapo, hata kama umeshaisuuza. Ile homoni ya kugeuza vifaranga kuwa madume, ile ya kuchanganywa kwa chakula wiki tatu nne za mwanzo, waachie wenye hatchari, yaani vituo vya kutotoa vifaranga, usijichanganyie nyumbani kwa mikono mitupu halafu maji yake uyamwage kwa bwawa la wazazi.

Asubuhi angalia majike. Mwenye mayai huyabeba mdomoni, kidevu kimefura na chakula anakataa. Kama joto liko sawa, majike na madume wapo, na wiki kadhaa hujaona hata mmoja hivyo, ita afisa wa uvuvi wa kaunti. Maji ya kupima yawekwe kwa chupa ya glasi iliyooshwa vizuri, sio ile ya soda, plastiki yenyewe inaweza kuharibu majibu.