Kabla hujailipa kampuni ya kusafisha taarifa za mikopo Marekani

Mtu aliyenyimwa mkopo wa gari au nyumba ya kupanga kwa sababu ya alama mbaya za mikopo huwa hana subira ya kusoma maandishi madogo, na hapo ndipo kampuni za kusafisha taarifa, zinazoahidi kurekebisha ripoti yako kwa malipo, humnasa. Nimesoma mikataba ya kampuni hizo na wateja wengi. Kinachonisikitisha ni kwamba wengi huja kwangu wakiwa wameshalipa.

Hatua ya 1: Chukua ripoti zako mwenyewe

Ingia AnnualCreditReport.com. Equifax, Experian na TransUnion, taasisi tatu kubwa zinazotunza taarifa za mikopo, hutoa ripoti bure kila wiki. Chukua zote tatu, maana deni linaweza kuonekana kwenye moja na lisiwepo kwenye nyingine. Kisha tenganisha ya uongo (akaunti usiyoifungua, deni ulilolimaliza ambalo bado linasomeka unadaiwa) na ya kweli yanayokuumiza. Ya kweli hayafutiki kwa sababu tu umemlipa mtu. Kwa kawaida hukaa miaka 7, na kufilisika kwa Chapter 7 (aina mojawapo ya kufilisika kisheria Marekani) hukaa miaka 10. Anayekuahidi kuyafuta yote, agana naye hapo hapo.

Hatua ya 2: Pinga makosa bure

Haki hii unayo kwa sheria ya taarifa za mikopo ya 1970, FCRA. Andikia taasisi ambayo ripoti yake ina kosa, taja akaunti, eleza kosa, ambatisha nakala za ushahidi. Karatasi halisi baki nazo. Kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza, wakati mwingine 45, na lazima wakujulishe matokeo kwa maandishi. Kampuni ya kulipwa nayo huandika barua hizi hizi.

Hatua ya 3: Ukiamua kuajiri, usitangulize pesa

Sheria ya 1996 inayosimamia kampuni hizi, CROA, inakataza kampuni kupokea malipo kabla ya kukamilisha kazi iliyoahidi. Wataiita ada ya kufungua faili, ya usajili, ya mwezi wa kwanza. Jina halibadilishi kitu. Kama huduma umeuziwa kwa simu, kanuni ni kali zaidi: wasikudai hadi wakuonyeshe ripoti iliyotolewa zaidi ya miezi 6 baada ya matokeo waliyoahidi kupatikana. Mwaka 2023 mahakama ilikuta kampuni zilizoendesha Lexington Law na CreditRepair.com zimekiuka kanuni hiyo, na kesi ikaishia kwa makubaliano ya dola bilioni 2.7. Kwa hiyo usidhani jina kubwa ni kinga.

Hatua ya 4: Soma mkataba ukiwa umekaa

Kabla hujasaini wanapaswa kukupa waraka tofauti wa haki zako. Mkataba wenyewe uwe wa maandishi, wenye jumla ya gharama, maelezo ya kazi, muda itakaochukua, dhamana zozote walizotoa, jina na anwani ya kampuni. Ukisaini, una siku 3 za kazi za kughairi bila faini wala kutoa sababu, na fomu ya kughairi lazima iambatane na mkataba. Katika siku hizo hawaruhusiwi hata kuanza kazi. Kipengele kinachosema umeziachia haki hizi hakina nguvu yoyote.

Hatua ya 5: Kataa namba mpya

Hili nalirudia kwa kila mteja. Kuna wanaokuuzia namba ya tarakimu tisa, au kukuelekeza uombe namba ya kodi ya mwajiri, ili uitumie kuombea mikopo badala ya namba yako ya hifadhi ya jamii. Wanaiita mwanzo mpya. Namba hizo za kuuzwa mara nyingine huwa zimeibwa, zikiwemo za watoto. Ukiijaza kwenye fomu ya mkopo, aliyedanganya ni wewe, na unaweza kushtakiwa.

Hatua ya 6: Ukishadhulumiwa

Peleka malalamiko FTC (tume ya biashara ya serikali kuu), CFPB (ofisi ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha) na kwa mwanasheria mkuu wa jimbo lako. Unaweza pia kushtaki ndani ya miaka 5 kudai ulicholipa au hasara uliyopata, chochote kilicho kikubwa, pamoja na gharama za wakili. Leo hii hifadhi mkataba, risiti, barua pepe na ujumbe wote wa simu, na andika tarehe ya kila mazungumzo pamoja na jina la uliyeongea naye.