Kabla Hujafunga Reli Kubwa ya Mafuta Kwenye Gari Lako

Ukianza kuongeza nguvu za Subaru au Altezza hapa Dar, haitachukua muda utaoneshwa reli ya mafuta ya aluminiamu, nyekundu au ya bluu, na kuambiwa ukiifunga gari litapaa. Reli haiongezi nguvu. Kazi yake ni kugawa petroli kwa injekta zote, yaani vinyunyizio vya mafuta vya kila silinda, kwa presha ileile. Upana wa tundu lake unasaidia pale tu injekta zimekuwa kubwa na zinavuta mafuta mengi kuliko reli ya kiwandani inavyoweza kugawa sawasawa, hadi silinda moja inapungukiwa wakati nyingine zinashiba. Silinda hiyo ndiyo itakayogonga, yaani mafuta kulipuka ovyo ndani yake, na kuunguza pistoni. Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, jua mafuta yanakwama wapi.

Njia ya kujua ni kupima. Funga geji ya presha karibu na reli, washa injini bila kukanyaga, kisha chomoa kimpira cha vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) kwenye regulata, kifaa kinachosimamia presha ya mafuta. Injini nyingi za Kijapani zenye injekta za kawaida zitasoma karibu bar 3 (bar ni kipimo cha presha). Rudisha kimpira, mtafute barabara iliyo wazi, mwenzako aangalie geji. Turbo ikisukuma bar 1, sindano inatakiwa isome 4, maana regulata huongeza presha ya mafuta kadiri turbo inavyoongeza ya hewa. Ikifika 4 halafu ikaanza kuporomoka huku turbo bado inasukuma, usiilaumu reli kwanza. Mara nyingi pampu imechoka, filta imejaa uchafu, au waya wa pampu ni mwembamba na umeme haufiki wote. Pima volti kwenye plagi ya pampu yenyewe, siyo kwenye betri, injini ikiwa inafanya kazi. Mimi ningemaliza pampu, filta na waya kwanza, na kwa magari mengi ya mtaani ningeishia hapo.

Piga na hesabu ya injekta. Injini ya turbo ya silinda 4 inayotafuta nguvu za farasi 300 hula takribani pauni 180 za petroli kwa saa ikikanyagwa yote, sawa na 45 kwa kila silinda. Injekta haitakiwi kuzidi asilimia 80 hivi ya uwezo wake, basi unahitaji ya pauni 56, yaani karibu cc 590 kwa dakika. Injekta hizo zinahitaji kontroli boksi, kompyuta ya injini, isetiwe upya na fundi mwenye kipimo cha mchanganyiko wa hewa na mafuta. Bajeti yake iwepo kabla ya bajeti ya reli.

Ukiona kweli unaihitaji, hakikisha inaingia kwenye injini yako. Baadhi ya Subaru zenye injini za EJ zina injekta zinazopokea mafuta ubavuni, nyingine juu, na kuhama kutoka ubavuni kunadai kubadili sehemu za manifoldi ya kuingiza hewa pia. Mark X yenye injini ya 4GR-FSE hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa mno. Reli za aina hii ziweke mbali nayo kabisa. Pima kipenyo cha oringi, pete ya mpira inayoziba injekta kwenye reli, kwani kuna injekta za milimita 11 na za 14. Ukienda kwenye maduka ya spea ya Gerezani au Shaurimoyo, beba injekta moja mkononi, usitegemee maelezo ya mdomo.

Kwenye mipira usibane hela hata kidogo. Nunua mpira wa mfumo wa injekta, ulioandikwa hivyo ubavuni. Wa kabureta hautahimili. Oringi zipakwe oili safi kidogo tu, bila silikoni ya gasketi. Hapa joto la boneti kwenye foleni ya Barabara ya Mandela ni kali, na petroli ikidondokea manifoldi ya ekzosi gari linawaka moto. Mtungi wa kuzimia moto wa poda uwe pembeni ya fundi, siyo kwenye buti chini ya mizigo, na namba 114 ya Zimamoto iwe kwenye simu.

Siku ya kazi, chomoa fyuzi ya pampu, washa injini mpaka izime yenyewe ili presha ishuke, kisha toa nguzo hasi ya betri. Baada ya kufunga, rudisha fyuzi na betri, fungua swichi bila kuwasha, mara kadhaa, ili pampu ijaze reli. Pitisha tishu nyeupe kavu kuzunguka kila oringi na kila kiungo. Ikilowa hata kwa doa dogo, fungua upya. Usikaze tu zaidi. Rudia ukaguzi injini ikishachemka, na tena kesho yake ikiwa ya baridi, kwa sababu kuna oringi huvuja zikipoa tu. Usianze kazi hii Jumamosi jioni: maduka mengi ya spea hufungwa Jumapili, na oringi moja ikikatika gari litalala gereji likiwa wazi.