Dar hadi Mbeya kwa gari dogo: mambo ya kuzingatia

Ondoka saa kumi alfajiri. Ukichelewa, foleni ya kutoka mjini itakula muda wako wote wa Chalinze, na utafika mlima wa Kitonga umechoka.

Ndani ya Hifadhi ya Mikumi usikimbie, hata kama basi linakupigia honi nyuma. Wanyama wanavuka muda wowote, na ukimgonga mmoja unalipa faini. Mimi huwa natembea hamsini, mke wangu anahesabu twiga.

Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni nunua wakati wa kurudi. Ukinunua wakati wa kwenda, gari zima litanuka hadi Mbeya.

Sasa Kitonga. Kupanda si tabu sana, ni uvumilivu tu nyuma ya malori. Kazi iko kwenye kushuka, wakati wa kurudi. Weka gia namba mbili tangu juu kabisa, acha injini ishike gari, breki ziguse kidogo kidogo. Ukisikia harufu ya kuungua, kaa mbali na lori lililo mbele. Dereva wa lori akiwasha indiketa ya kulia, maana yake usipite. Ya kushoto, njia nyeupe. Lakini hakikisha kwa macho yako, kwani indiketa hiyohiyo huenda anakata kona. Ukikuta matawi yamelazwa barabarani, punguza mwendo: kuna gari limeharibika mbele.

Sweta liwe karibu, lisiwe kwenye buti. Mafinga mwezi wa saba hakuna mchezo.