Jinsi ya kuendesha meza ya matangazo kwenye redio ya jamii

Vijana wengi wakija kujitolea redioni wanataka maiki moja kwa moja, wanataka kipindi cha mziki jioni wasikike. Sawa, maiki ipo, ila mimi kila anayekuja namwambia kaa kwanza miezi mitatu kwenye meza ya matangazo. Nimejitolea miaka saba kwenye kituo kidogo huku pwani ya Tanga na kwakweli hakuna sehemu nyingine utakapojua hii redio ni ya nani. Mtu hatoki kijijini na baiskeli jua kali kuja kusikiliza taarifa ya habari, anakuja kwa sababu mwanae hajarudi tangu jana, au kafiwa, au ng'ombe wake kapotea.

Vifaa ni vichache. Kaunta buku moja kubwa, kalamu iliyofungwa kamba mezani, saa ya ukutani, na kitochi kimoja chenye laini ya kituo ambayo wilaya nzima inaijua. Usitumie namba yako binafsi hata kama inakurahisishia, siku ukihama au ukiugua watu wanapiga hakuna anayepokea. Kwenye kaunta buku chora safu: limefika saa ngapi, nani kalileta na namba yake, anatoka kitongoji gani, tangazo lenyewe, nani kalithibitisha, kalisoma nani na saa ngapi, afu safu ya mwisho kabisa andika juu IMEFUNGWA, hiyo nitaieleza mwishoni. Meseji na voisi noti za WhatsApp pokea tu ila lazima ziandikwe humo, manake umeme ukikatika siku mbili na simu zote zikizima, daftari lipo pale pale mezani na zamu ya usiku inajua zamu ya asubuhi iliacha wapi.

Sasa misiba, na hapa nitakaa sana kwa sababu ndo kazi yenyewe. Wazee wetu wanakumbuka Redio Tanzania Dar es Salaam ilivyokuwa inasoma matangazo ya vifo, nyumba nzima inanyamaza, na lile neno "habari ziwafikie" kila mtu analijua. Redio ya jamii imerithi kazi hiyo ila kwa ukaribu zaidi. Kwetu huku mtu Muislamu akifariki alfajiri mara nyingi anazikwa siku hiyo hiyo, baada ya Adhuhuri au Alasiri, kwa hiyo dada yake aliyeolewa ng'ambo ya mto ana masaa machache ya kupata taarifa, kuvuka, kutafuta bodaboda na kufika. Tangazo likiingia saa mbili asubuhi afu wewe ukalilaza mpaka "muda wa matangazo" saa saba mchana, umemnyima mtu kumzika ndugu yake na hilo halirudishwi. Kwa hiyo kanuni yetu ni kwamba tangazo la msiba lililothibitishwa linakata kipindi chochote, hata mpira, na linarudiwa kila baada ya nusu saa mpaka muda wa mazishi upite. Misiba ya Kikristo mara nyingi inasubiri ndugu wa mbali siku mbili tatu, hapo unapanga asubuhi, mchana na jioni.

Mtu akipiga analia usianze na maswali. Mpe pole kwanza, muache apumue, afu taratibu:

"Shikamoo mama. Pole sana, Mungu awape subira."
"Marahaba mwanangu, ahsante."
"Pale kijijini marehemu watu wanamuitaje?"
"Wanamuita Fundi Mashua. Jina la kitambulisho wengi hawalijui."

Hilo swali la jina la kijijini usiliruke kamwe. Ukisoma majina matatu ya kwenye kitambulisho peke yake, nusu ya waliokula naye hawatajua kama ni yeye. Andika jina kamili, andika "maarufu kwa jina la", andika kitongoji, andika ni baba wa nani au mke wa nani, na muulize mpigaji anatamkaje jina la ukoo, uliandike vile linavyosikika ili msomaji asije akajikwaa hewani. Sababu ya kifo haisomwi, hata familia ikitaja. Na uliza kama watoto walioko mbali wameshapigiwa simu, haifai mtoto asikie kifo cha mama yake kwenye redio ya daladala.

Afu thibitisha. Aliyepiga ni mmoja, unahitaji wa pili ambaye hakuletwa na huyo wa kwanza: mwenyekiti wa kitongoji, balozi wa nyumba kumi, imamu au katekista wa pale. Namba zao ziwe zimebandikwa ukutani kwa orodha ya vijiji na kila baada ya miezi mitatu mtu akae azipige zote aone zipi hazipatikani. Sisi tulijifunza hili kwa maumivu. Kulikuwa na wazee wawili wenye majina yale yale matatu, vijiji jirani, mmoja akafariki na tukasoma bila kutaja kitongoji kwa sababu aliyekuwa zamu aliona haraka. Mtu akasikia akampigia binti wa yule mwingine aliyeko Korogwe, binti akapanda gari, kafika kamkuta baba yake kakaa barazani anakunywa chai. Kesho yake mzee akaja studio. Hakugomba, alisema tu "mwanangu amelia njia nzima", akanyamaza. Tulimuomba radhi yeye na binti yake, tukaomba radhi hewani mara tatu siku ile, na tangu hapo tangazo lisilo na jina kwenye safu ya nani kathibitisha halivuki mlango wa studio, awe kalileta nani.

Mtoto aliyepotea au kuokotwa, hapa watu wanakosea kwa nia njema. Wanasoma kila kitu, kavaa gauni la njano, ana kovu gotini, anaitwa hivi. Sasa mtu yeyote mwenye nia mbaya akija atataja hivyo hivyo na utamkabidhi. Kwa mtoto aliyeokotwa taja jinsia, umri wa kukadiria na eneo alipoonekana, vingine baki navyo kwenye daftari ili anayekuja kumdai ndo avitaje yeye. Na makabidhiano hayafanyiki studio hata siku moja, mtoto anapelekwa polisi, dawati la jinsia na watoto, mzazi anaelekezwa huko. Vitu vilivyookotwa ni hivyo hivyo, simu, pochi, vyeti vya shule, usitaje rangi wala kiasi cha hela. Anayesema kaibiwa mwambie aje na namba ya RB, ile anayopewa polisi akiripoti, na jina la anayemtuhumu halisomwi, redio siyo mahakama. Kumbuka kwa mujibu wa EPOCA, sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya 2010, na kanuni za maudhui za 2018, mamlaka ya mawasiliano TCRA ikipata malalamiko inaita kituo chenye leseni, haimuiti aliyekuletea karatasi dirishani.

Tahadhari za hali ya hewa zinatoka TMA, mamlaka ya hali ya hewa, soma kama zilivyo na useme zimetolewa saa ngapi na tarehe ngapi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja kutua Mafia, taarifa zilikuwa zinabadilika, na wavuvi wanasambaziana meseji za jana kama za leo. Mvuvi anaamua kwenda au kutokwenda kwa kukusikiliza wewe, kwa hiyo ile saa ya kutolewa ndo muhimu kuliko sauti nzuri.

Na uvumi. Redio inayosikika eneo dogo nguvu yake ni kwamba msikilizaji anaijua sauti, anajua huyu ni mtoto wa mama yule pale. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 vurugu zilipozuka, Pamoja FM, redio ya jamii ya Kibera, Nairobi, ilitumia nguvu hiyo hiyo kuwasihi majirani watulie. Nguvu hiyo ikishikwa na mtu mwenye kisasi inachoma kijiji. Ukiletewa tangazo lenye kabila, dini au ugomvi wa shamba ndani yake, liweke pembeni umuite msimamizi kwanza.

Hela: msiba, mtu kupotea, chanjo, mikutano ya kijiji, vyote bure. Duka na mnada wanalipia kwa risiti, na anayejitolea hashiki hela mkononi, hata ya soda, kwa sababu siku maskini akiona anayelipa katangulizwa harudi tena. Tiba asili bila kibali cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala hatusomi, wanakuja na noti nyingi sana hao, kataa. Zamu ziwe za watu wawili wawili, na hata kama hakuna mshahara, bando na nauli ya anayejitolea kituo kilipe, mtu hawezi kukaa mwaka mzima akitoa mfukoni kwake.

Nimalizie na ile safu ya IMEFUNGWA. Kila tangazo la kupotea linatakiwa lirudi, ipigwe simu, kapatikana au bado? Akipatikana inasomwa hewani tena kwamba kapatikana, ili watu waache kutafuta, na anayeandika IMEFUNGWA anasaini. Vituo vingi hawafanyi hii, tangazo linasomwa wiki linapotea kimya. Sisi kila Ijumaa jioni tunafungua daftari tunapiga simu zote zilizobaki wazi. Kuna mama mmoja tulimpigia wiki kumi na moja mfululizo kuhusu mdogo wake, kila wiki anajibu bado, anashukuru, anakata. Wiki ya kumi na mbili alitupigia yeye, Alhamisi, kabla ya zamu yetu, akasema andikeni.

Tukaandika.