Mchunguze mfugaji kabla ya mtoto wa mbwa: mwongozo kwa wanunuzi wa Lubumbashi

Lubumbashi, anayenunua mbwa wa mbegu safi mara nyingi anataka mlinzi wa parseli (kiwanja chenye nyumba): Berger Allemand, Malinois, Rottweiler, au Boerboel kutoka upande wa Afrika Kusini. Wanunuzi wengi humtazama mtoto, wakapenda miguu yake minene, wakatoa dola palepale. Lakini mtoto wa wiki 8 hasemi mengi. Wanaosema ni mama yake na pahali alipozaliwa, na hao utawaona nyumbani kwa mfugaji tu. Kando ya barabara hawapo, na katika picha za WhatsApp hawapo.

Kabla ya kwenda, piga simu. Uliza kama mama yupo hapo, amezaa lini mara ya mwisho, na watoto huondoka wakiwa na wiki ngapi. Mfugaji makini hampandishi jike kabla ya miezi 18 hadi 24. Mimba ni kama siku 63, kisha kunyonyesha. Jike anayezalishwa kila apatapo joto huisha mwili, na watoto wake hutoka dhaifu. Kuondoka ni wiki 8, si 5. Ukiambiwa “chukua sasa, anakula bukari (ugali) tayari”, shukuru, kata simu.

Mtu mwenye aina tano za mbwa, zote tayari leo, ni mfanyabiashara, au ni komisionere (dalali) anayetafuta asilimia yake. Komisionere hakuwepo siku ya kuzaa. Akisema mama ana afya, anarudia aliyoambiwa. Mwache akuonyeshe njia, basi. Mfugaji wa kweli, kwa kawaida, atakuuliza wewe kwanza: ukuta wako una urefu gani, mbwa atafungwa mnyororo mchana kutwa, nani atamlisha ukisafiri? Wengine huona maswali hayo ni dharau. Mfugaji asiyeuliza lolote ndiye wa kutiliwa shaka.

Nenda mchana, na usipite kwa wafugaji wawili siku moja. Kirusi cha parvo, ugonjwa wa kuhara damu unaoua watoto wa mbwa, husafiri kwenye viatu, na mfugaji anayekuzuia mlangoni hadi ukanyage dawa anajua kazi yake.

Ukifika, omba kumwona mama pamoja na watoto. Akikonda kidogo si ajabu, amenyonyesha. Tazama tabia. Mama anayejibanza pembeni akitetemeka, au anayetaka kung'ata hata mwenye mbwa akiwa amesimama karibu, hurithisha woga huo kwa damu na kwa mfano. Baba huenda hayupo, kwani wengi hukodi dume la mtu mwingine. Omba picha na karatasi zake. Angalia pia watoto wanalelewa wapi. Kati ya wiki 3 na 12 mbwa hujifunza watu, watoto, sauti za pikipiki na sufuria. Aliyefungiwa bandani nyuma ya nyumba muda huo wote hukua mwoga, na mbwa mwoga hung'ata mgeni wako halafu humkimbia mwizi. Harufu kali ya kuhara damu ikikupiga puani, usiguse kitu, ondoka.

Sasa karatasi, na hapa ndipo watu wengi hudanganywa. Pedigree (karatasi ya ukoo) ya baba si pedigree ya mtoto. Fotokopi moja inaweza kuuza watoto wa mimba kumi. Karatasi halisi ina jina na namba ya mtoto mwenyewe, tarehe ya kuzaliwa, na vizazi vitatu au zaidi, na hutolewa na chama kinachotambulika: KUSA kwa mbwa wa Afrika Kusini, au kitabu cha ukoo cha LOSH cha chama cha Saint-Hubert kwa mbwa wa Ubelgiji. Mwombe veterineri asome chipu ya mama (kidude chenye namba kilichowekwa chini ya ngozi) kwa kifaa chake. Tarakimu 15 zifanane na zilizo kwenye karatasi ya mama huyo. Mfugaji anayesema wazi “wazazi nawajua, pedigree sina” ni afadhali kuliko mwenye karatasi za kuungaunga, ila bei ishuke.

Kwa Berger Allemand, Rottweiler na Boerboel, dai picha za eksirei za nyonga za wazazi wote wawili. Katika mfumo wa kupima nyonga wa FCI (shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa), A ni safi, B karibu safi, C kasoro ndogo, D na E mbaya. Picha hizo hupigwa mbwa akishatimiza angalau mwaka 1, kwa hiyo anayekuuzia “cheti cha nyonga” cha mtoto anakuuzia hewa.

Kijitabu cha chanjo kiwe na kibandiko cha chupa chenye namba ya toleo, tarehe, saini na muhuri. Herufi CHPPiL ni Carré (distemper), hepatitis, parvo, parainfluenza na lepto; R ni kichaa cha mbwa. Ya kwanza hutolewa wiki 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi wiki 16. R kwa kawaida hungoja wiki 12. Basi mtoto “wa wiki 8 aliyetoka Johannesburg kwa njia ya Kasumbalesa, amechanjwa R” ana kosa mahali fulani: ama umri, ama kijitabu. Uliza pia chanjo ilitunzwa wapi. Inahitaji nyuzi 2 hadi 8, na umeme wetu unajulikana. Dozi iliyopata joto hubaki na kibandiko kizuri tu.

Mtoto mwenyewe mkague haraka:

- ufizi wa waridi (mweupe ni minyoo au ugonjwa wa kupe);
- tumbo lisilovimba kama ngoma;
- meno ya mbele ya utoto yametoka yote, la sivyo huenda hajafika wiki 8;
- kitovu bila uvimbe;
- dume awe na kende mbili;
- miguu ya mbele imenyooka. Iliyopinda mara nyingi ni ya bukari tupu bila ndakala (dagaa) wala nyama.

Dawa ya minyoo ilipaswa kutolewa wiki ya 2, 4, 6 na 8.

Usilipe yote bila maandishi: majina, bei, namba ya chipu, na kwamba veterineri wako akimkuta mgonjwa ndani ya saa 48 unarudishiwa pesa. Wenye ujuzi hawakosekani mjini. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo kizima cha tiba ya mifugo. Mfugaji anayekataa sharti hilo amekwisha kukujibu.

Jambo moja ni jukumu lako wewe mnunuzi. Kama mbwa alikufa kwa parvo katika parseli yako, saruji ioshe kwa sabuni, kisha javel (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo), sehemu 1 kwa 30 za maji, ikae dakika 10. Udongo hausafishiki hivyo, na kirusi hukaa humo hata zaidi ya mwaka. Mwambie mfugaji ukweli huo na umwombe abaki na mtoto hadi chanjo ya wiki 16, ukimlipa chakula.